Siku ya Tisa: Maneno ya Mfamasia Kuhusu Dawa za Ugonjwa wa Wasiwasi

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Mimi ni mfamasia. Wenzangu waliotangulia kusema hapa hukaa na mgonjwa nusu saa, wengine saa nzima. Mimi namwona kwa dakika mbili, yeye upande ule wa dirisha, mimi upande huu, na nyuma yake foleni inakohoa ili amalize. Lakini dirisha nalo lina elimu yake. Daktari huona dawa zikienda. Mimi huona zikirudi.

Siku moja mama mmoja aliniwekea pakiti ya vidonge juu ya kaunta, akaisogeza kwa ncha ya kidole kama kitu kilichomng'ata. Vidonge vilikuwa 28; vinane havikuwepo. "Shika dawa yako," akasema. "Nilikuja na wasiwasi, hii imeniongezea mwingine." Ilikuwa siku ya tisa. Nikamwuliza kama kuna mtu aliyemweleza kwamba wiki mbili za mwanzo huweza kuwa hivyo. Akanitazama tu. Hakuna aliyemweleza. Na aliyempa pakiti ile mkononi, akamwambia "kimoja kila asubuhi" kisha akaita "anayefuata", ni mimi.

Kwa hiyo nilipoombwa kuja kusema juu ya dawa za wasiwasi, nilijua nitasema juu ya siku ya tisa. Majina ya dawa mtayapata popote. Kinachowashinda watu ni wiki zile za mwanzo.

Wasiwasi kila mtu anao, na ni haki yake. Mzazi ambaye mwanawe yu mahututi na yeye yuko shwari, huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Ninaouzungumzia mimi ni wasiwasi usiosubiri sababu: ukiuondolea hii, hujitafutia nyingine. Yule mama, tulipokaa pembeni, aliniambia hapati usingizi mpaka wote wa nyumbani kwake wawe wamerudi na mlango umefungwa. Sawa, nikasema, na wakisharudi? "Wakisharudi," akasema, "naanza kuwaza namna watakavyotoka kesho." Nimesoma vitabu vingi vya tiba, sijakuta maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Kitabuni ugonjwa huu hauna umri mkubwa. Ulipewa jina lake mwaka 1980, Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipotoa toleo la tatu la mwongozo wake. Kabla ya hapo uliwekwa kapu moja na vile vishindo vya hofu vinavyomvamia mtu ghafla. Kipimo cha leo ni wasiwasi uliopita kiasi, juu ya mambo mengi, usioshikika, unaomjia mtu siku nyingi kuliko zile anazopumzika nao, kwa miezi 6 au zaidi. Pamoja nao huja uchovu, misuli iliyokaza, hasira za karibu, akili isiyotulia mahali pamoja, usingizi wa mang'amung'amu.

Dirishani hakuna anayekuja na maneno hayo. Watu huja na kichwa, na mgongo, na tumbo linalovurugika, na kiherehere cha moyo. Wamepimwa moyo mara tatu, mara tatu wameambiwa hauna kitu, na mara tatu wameondoka wakiamini wanafichwa. Lipo dodoso fupi la maswali 7, lililochapishwa mwaka 2006, ambalo mtu hujipa alama kuanzia 0 mpaka 21. Akifika 10 inafaa achunguzwe zaidi. Dodoso halitoi hukumu. Kabla ya kuandika dawa, daktari makini ataangalia kama tezi ya shingo haifanyi kazi kupita kiasi, atauliza vikombe vya kahawa, dawa za pumu, na pombe. Nimewahi kuona "ugonjwa wa wasiwasi" ulioondoka pamoja na kahawa. Si wengi, ila wapo.

Sasa dawa zenyewe. Nitazigawa mbili, ya haraka na ya polepole, na wataalamu mliopo mnisamehe.

Ya haraka ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1960 kampuni ya Hoffmann-La Roche iliingiza sokoni Librium, tunda la kazi ya mkemia wake Leo Sternbach; mwaka 1963 ikafuata Valium, ambayo kwa jina la kitaalamu ni diazepamu. Kufikia miaka ya 1970 Valium ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoandikwa kuliko zote Marekani. Wala si ajabu. Ubongo una breki yake, kemikali iitwayo GABA, inayozituliza seli za neva. Dawa za kundi hili, benzodiazepini, huifanya breki hiyo ishike zaidi. Mtu anameza, na kabla saa haijaisha mabega yameshuka, taya imelegea, dunia imekaa mahali pake. Anayesema dawa hii haifanyi kazi hajawahi kuiona ikifanya.

Tabu ni kwamba ubongo ukizoea kukanyagiwa breki, huacha kuikanyaga wenyewe. Wiki chache zinatosha. Kimoja kinakuwa kimoja na nusu, na siku kisipopatikana wasiwasi unarudi na riba. Aliyekitumia muda mrefu akikatisha ghafla anaweza kupata degedege. Mzee akikimeza usiku huweza kuanguka njiani kwenda msalani na kuvunjika nyonga. Kikichanganywa na pombe, au na dawa za maumivu za jamii ya mofini, pumzi inaweza kukatika. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake zito kabisa, lile linalowekwa ndani ya kisanduku juu ya karatasi ya maelezo, litaje wazi utegemezi na hatari za kuacha ghafla. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 nao hauzipendekezi dawa hizi kwa matibabu ya wasiwasi wa watu wazima. Zimeachiwa siku chache tu, pale hali inapokuwa mbaya mno.

Langu mimi ni dogo zaidi, tena silisomi popote. Kidonge cha nusu saa humfundisha mtu kwamba moyo ukienda mbio, cha kufanya ni kupekua mkoba. Nawajua watu ambao vidonge hawavimezi tena, lakini hawavuki kizingiti bila kuvibeba. Kidonge kiko mfukoni, bado kinatawala. Na wengi hawakuandikiwa na daktari yeyote. Walipewa na shangazi, na shangazi alipewa na shoga yake.

Ya polepole haina mvuto huo. Kwanza jina lake linatisha: ukifungua karatasi ya maelezo, neno unalokutana nalo juu kabisa ni sonona, ile huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa. Hapo watu hunirudia mbio. "Mimi sina sonona, umenipa dawa ya mtu." Hapana. Kundi lilibatizwa kwa kazi iliyojulikana kwanza, ya pili ikaonekana baadaye. Aspirini ilianza na maumivu, leo wenye maradhi ya moyo huimeza kila siku wala hakuna anayelalamika kwamba kichwa hakimwumi.

Tawi la kwanza huzuia serotonini, kemikali ambayo seli za neva hupelekeana ujumbe kwayo, isirudishwe upesi ndani ya seli iliyoitoa: humo mna sertralini, esitalopramu na paroksetini. Tawi la pili hugusa serotonini pamoja na noradrenalini, kemikali nyingine ya aina hiyo: venlafaksini na duloksetini. Hizi ndizo madaktari huanza nazo karibu kila mahali. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2011 uliitanguliza sertralini, ingawa haikuwa imesajiliwa huko kwa ugonjwa huu, kwa sababu ilipopigwa hesabu ya faida na gharama ndiyo iliyoshinda. Kati ya hizi tano, kuchagua mara nyingi ni kutazama mtu aliye mbele yako: ana maumivu ya neva pia? Duloksetini inaweza kumfaa kwa yote mawili. Ana presha? Venlafaksini huweza kuipandisha. Ndugu yake wa damu aliwahi kupona kwa ipi? Mimi hilo huliuliza, na sioni aibu.

Naomba msikubali kuambiwa kwamba serotonini yenu "imeisha". Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha hivyo hospitalini. Jambo lenyewe lina utata wa kupendeza zaidi. Dawa huziba njia ya kurudishia serotonini ndani ya saa chache tu tangu kumezwa. Kama ingekuwa suala la kujaza pipa, mtu angepona jioni ile ile. Hapati nafuu jioni ile, anaipata wiki kadhaa baadaye, kwa sababu seli hulazimika kujirekebisha taratibu zikubaliane na hali mpya. Na katikati ya saa zile chache na wiki zile kadhaa, ndipo siku ya tisa ilipo.

Kichefuchefu. Kuharisha kidogo. Kichwa kizito, jasho, mikono kutetemeka, usingizi kukimbia au kuzidi. Kwa wengine roho kuwa juu juu kuliko kabla ya kuanza dawa. Sisi wa dirishani huyaita maudhi madogo madogo, na kwa mtu mwingine ni madogo kweli. Lakini fikirini mnampa nani. Mnampa mtu ambaye kwa miaka ameukesha mwili wake kama mlinzi wa zamu, moyo ukiruka pigo moja anaandika wosia. Kwake hakuna kidogo. Ndiyo maana huyu huanzishwa chini kuliko wengine: esitalopramu milligramu 5 kwanza, kisha 10, sertralini 25, kisha 50, venlafaksini 37.5, kisha 75. Kupanda zaidi ya hapo ni kazi ya daktari wake. Akila kwanza, tumbo hutulia. Usingizi ukikimbia, dawa ihamie asubuhi. Maudhi mengi hupoa wiki ya pili au ya tatu. Nafuu huanza kuchungulia wiki ya pili hadi ya nne, na hukumu juu ya dawa isitolewe kabla ya wiki 4 mpaka 6 za dozi inayotosha. Mara nyingi wa kwanza kuiona nafuu ni yule anayeishi na mgonjwa: "siku hizi hunipigii simu kila saa."

Hayo yote huchukua dakika nne kuyasema. Nimeyapima. Dakika mbili zaidi ya nilizokuwa nikitoa. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Kwa ugonjwa huu msemo huo tuuweke kando: huyu aulizwe uji, aambiwe na utamwunguza wapi.

Lipo moja la kuambiwa bila kupunguza ukali. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kwamba kwa watoto na vijana dawa hizi zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua, hasa mwanzoni na dozi inapobadilishwa. Mwaka 2007 onyo likapanuliwa kufikia vijana wa miaka 24. Maana yake ni kwamba kijana anayeanza dawa aonwe mapema na mara kwa mara, na walio nyumbani wajue la kutazama: kuhangaika kusiko kwa kawaida, kutolala kabisa, maneno ya kukata tamaa. Yakitokea, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Onyo hilo halimwambii kijana aachwe bila tiba, maana wasiwasi usiotibiwa nao una majeruhi wake.

Jingine watu huniambia baada ya kutazama nyuma yao mara mbili. Wanaume husema kwa mafumbo, wanawake mara nyingi hawasemi kabisa. Dawa hizi huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha kilele, na tofauti na kichefuchefu, hili haliishi lenyewe kwa kila mtu. Nimeona pakiti zikiachwa kimya kimya kwa sababu hii kuliko kwa sababu nyingine yoyote, na nimeona ndoa zikilaumiana juu ya jambo ambalo lingeelezwa kwa sentensi moja. Dozi inaweza kupunguzwa, dawa inaweza kubadilishwa. Busipironi, kwa mfano, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1986, haina kawaida ya kuleta tatizo hilo, wala haileti utegemezi. Hasara yake ni kwamba humezwa mara mbili au tatu kwa siku, nayo pia huchukua wiki kadhaa. Lakini daktari hawezi kubadilisha asichoambiwa. Daktari ukiona mgonjwa hasemi, uliza wewe.

Mengine nayapitia haraka. Pregabalini iliruhusiwa kwa ugonjwa huu barani Ulaya mwaka 2006 na huanza kufanya kazi ndani ya wiki moja hivi. Ina tabia ya kutumiwa vibaya, na Uingereza iliiweka chini ya udhibiti mkali mwaka 2019. Haidroksizini, ndugu wa dawa za mzio, hutuliza lakini husinzisha. Propranololi huzuia moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, kwa hiyo inapendwa na wanaosimama mbele ya watu kama mimi hivi sasa. Wasiwasi wenyewe haiugusi sana, na mwenye pumu asiiguse.

Na mnapopewa dawa yoyote nyingine, mseme mnatumia hizi. Tramadoli ya maumivu ikikutana nazo inaweza kuzidisha serotonini hadi hatari: homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Ibuprofeni na aspirini pamoja nazo huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni. Kwa wazee chumvi ya damu, yaani sodiamu, inaweza kushuka, hasa wakiwa kwenye dawa za kupunguza maji mwilini. Mzee akianza kuchanganyikiwa wiki mbili baada ya kuanza dawa, msiseme ni uzee. Mwenye mimba, au anayeitafuta, asiache dawa kwa hofu wala asiendelee kwa mazoea. Azungumze na daktari wake. Paroksetini kwa kawaida huepukwa, nyingine huweza kuendelea.

Nimeulizwa mlangoni kama kuna haja ya dawa wakati tiba ya mazungumzo ipo. Tiba ya kubadili fikra na mwenendo, ile iliyopangwa na yenye kazi za kufanya nyumbani, inafaa kwa ugonjwa huu kwa kiwango kinacholingana na dawa. Anayeipata na kuipenda aanze nayo, sina ugomvi naye. Ninaogombana nao ni wale wanaompa mtu pole kwa kumeza dawa, kana kwamba aliyechagua mazungumzo ana imani zaidi. Na wapo ambao wasiwasi umewabana kiasi kwamba hawasikii mazungumzo mpaka dawa iwashushe sauti kwanza.

Kuacha nako kuna siku yake ya tisa. Mtu anapona, anajiona mzima, anasema vidonge vya nini, anaacha Jumatatu. Alhamisi anashikwa na kizunguzungu, kichefuchefu kimerudi, na kichwani anasikia mishtuko mifupi kama ya umeme kila anapogeuza macho. Paroksetini na venlafaksini ndizo sugu kwa hili, kwa kuwa hutoka mwilini upesi. Mtu huyo husema moja kati ya mawili: "nimekuwa teja" au "ugonjwa umerudi". Teja huitamani dawa, huiongeza, huitafuta kwa udi na uvumba; huyu haitamani hata kidogo, mwili wake tu haukupewa muda. Na ugonjwa ukirudi huja polepole, kwa wiki na miezi, pamoja na yale mawazo ya zamani. Hauji na umeme kichwani siku ya tatu. Kwa hiyo baada ya kupona, dawa huendelea miezi 6 hadi 12, maana wanaoacha mapema zaidi hurudiwa kwa wingi. Kisha hupunguzwa kidogo kidogo, wiki kwa wiki, na kwa aliyekaa nayo miaka, mwezi kwa mwezi. Vipande vya mwisho ndivyo vigumu. Kutoka 50 kwenda 25 mtu huenda akicheka; kutoka 25 kwenda sifuri ndipo anaponipigia simu.

Yule mama aliichukua tena pakiti yake siku ile, kwa masharti. Daktari wake alikubali aanze upya na nusu kidonge, nami nikampa namba ya dirishani. Alipiga siku ya tano, akapiga siku ya tisa, kisha akanyamaza, nikadhani ameacha. Alikuja mwezi wa tatu tangu aanze upya, kuchukua nyingine, akasimama kwenye foleni kama wengine. Nikamwuliza kama anaona tofauti. Akafikiri, akasema hajui. Halafu, wakati anatia pakiti mkobani, akakumbuka kitu.

"Juzi baba watoto alichelewa," akasema. "Nilikuwa namsubiri. Nikapitiwa na usingizi."